Kwa Kazumari, Jumamosi ya Malipo

Ganda la korosho lina mafuta yasiyosamehe.
Miaka kumi na tisa yamenilamba vidole,
hata siku niliyokwenda kusajili laini ya simu
mashine ya alama za vidole ilinikana mara tatu.
Kazumari ananifahamu kwa vidole hivyohivyo.
Kabla ya salamu ananirushia kitambaa chenye maji ya ndimu:
"Futa kwanza, Somoe. Shika kingo tu, uso usiguse."

Duka lake liko Chikongola, mgongoni mwa soko.
Mbele minyororo ya baiskeli, tairi, gundi ya viraka,
nyuma kreti sita za soda zilizojaa santuri.
Wateja wa mbele hawajui kama kuna nyuma.
Mimi napita kati ya spoku na pampu, kiubavuubavu,
nachuchumaa,
napekua.
Tak, tak, tak, jalada kwa jalada,
taarabu, dansi, kwaya ya misheni, dansi tena,
halafu ghafla jalada jeusi,
watu wanne wenye nywele timutimu, hakuna anayecheka.
Hapo mate hunijaa.

Watu huniuliza: mwanamke wa Kimakonde, mama mzima,
hiyo roki imekuingilia wapi?
Nawajibu: nyumba yetu Newala ilishirikiana ukuta
na mashine ya kusaga ya Mchopa.
Nilijifunza kulala ndani ya ngurumo.
Mashine ilipokufa nililia usiku kucha, wakanipeleka zahanati.
Basi siku niliyosikia gitaa la umeme likikwaruza, likinguruma,
nilijua tu:
mashine imepona.

Mwezi huu niliagiza ya Radi ya Tatu, vijana wa Nairobi,
albamu mpya, haijatimiza hata arobaini.
Barabara ikakatika Somanga.
Siku kumi na moja ililala ndani ya basi
kati ya magunia ya vitunguu na godoro la mtu,
na mimi huku nahesabu madaraja kama mchumba.
Kila jioni nampigia Kazumari. Bado. Bado.
Siku ya kumi hakupokea.
Siku ya kumi na mbili akatuma neno moja: Njoo.

Elfu thelathini na tano. Usiniambie zingefaa nini.
Bei ya unga naijua. Ada ya Binasa naijua.
Nimekula mihogo wiki mbili bila kumkopa mtu.

Jalada linanuka vitunguu. Sijali.
Nyumbani nafunga mlango, nasogeza gramafoni dirishani,
nashusha sindano kama anayemlaza mtoto mwepesi wa kuamka.
Kwanza ile chakachaka, mvua isiyolowesha.
Kisha ngoma. Kisha gitaa,
na bati la paa linaitikia,
na jirani, Mama Chitanda, anagonga ukuta,
nje kidogo ya mapigo.

Wimbo wa tatu, katikati, umeme ukakatika.
Gesi inatoka kwetu, taa zinazimika kwetu, tumeshazoea.
Sauti ya kijana ikazama,
ikawa ya mzee, ikawa ya ng'ombe,
ikawa kimya.

Nilikaa gizani na hasira yangu.
Halafu nikaweka kidole, hiki cha shahada,
kilichoungua mpaka kikafutika,
juu ya karatasi nyekundu ya katikati,
nikaizungusha. Polepole.
Spika imekufa, lakini sindano haina habari.
Nikainama mpaka shavu likagusa mbao
nikaisikia, ndogo kama mdudu ndani ya kiberiti,
Radi nzima ya Tatu,
ikienda kwa mwendo wa mkono wangu;
nikichoka, inachoka,
nikikaza, inapanda.

Binasa akauliza kutoka chumbani,
"Mama, unaongea na nani?"
Nikamwambia njoo.
Mshumaa acha. Lete sikio.